Damu kwenye manii si kisonono kila mara

Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi, na naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni fundi wa friji na AC, nakaa Kisauni, na wateja wangu wengi ni wauza samaki na wenye maduka ya vinywaji kuanzia Kongowea hadi Mji wa Kale. Wakiliona jina langu chini ya barua hii, sitaweza tena kuinama nyuma ya friji ya mtu bila kusikia kicheko.

Wiki mbili zilizopita, kwenye ukurasa wenu wa afya, kijana mmoja aliuliza kuhusu damu aliyoiona kwenye manii yake. Daktari wenu alimjibu kwa upole: kwa vijana wengi jambo hili huja likapita, akapimwe maambukizi, atumie dawa, asijitie hofu. Sina ugomvi na jibu hilo, ni kweli tupu. Ila liliishia pale pale ambapo mimi nilikwama miezi 19. Dawa umemaliza, vipimo vyote safi, na damu bado yaja.

Yangu ilianza Julai 2022, nikiwa na miaka 43. Mara ya kwanza haikuwa hata nyekundu. Ilikuwa kahawia, rangi ya juisi ya ukwaju iliyolala. Niliiona alfajiri nikienda kuoga, doa kwenye leso ya mke wangu, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Nikaichukua ile leso nikaifua mwenyewe kimya kimya. Tangu nioe sijawahi kufua leso ya mtu, na hilo ndilo lililomshtua mke wangu, kabla hajajua habari ya damu. Wiki iliyofuata ikaja nyekundu ya kuchinja, na hapo hapakuwa na la kuficha.

Kliniki ya kwanza ni ya mtaani. Aliyenihudumia hakuinua macho. "Umetoka nje?" Nikamwambia sikutoka. Akaandika. Sindano moja ya seftriaksoni matakoni, ile ya kisonono, vidonge vya doksisaiklini siku 7, na karatasi ya pili kwa jina la mke wangu. "Na mama naye ameze."

Hebu, Mhariri, mpelekee karatasi hiyo mwanamke uliyeishi naye miaka 17. Mama Watoto hakuuliza kitu. Kila jioni aliweka kidonge chake na changu kwenye kisahani kimoja cha kahawa, glasi ya maji kando, akameza chake akiniangalia usoni. Siku ya saba akasema, "Baba Watoto, kama kuna mwenzangu nambie tu. Mimi si mtoto." Akahamia chumba cha wasichana. Alilala huko hadi kukaribia Krismasi, na watoto waliambiwa eti mimi nakoroma.

Damu haikukatika. Yaweza kukaa kimya wiki tatu, nikashukuru Mungu, kisha ikarudi. Kliniki ya pili, sindano tena. Ya tatu, siprofloksasini, antibiotiki nyingine. Nilikuwa naweka kila karatasi kwenye bahasha ya kaki, tabia ya kazi, kwa sababu mteja akija kulalamika fundi lazima aonyeshe risiti. Nilipokuja kuzihesabu, dozi zilikuwa sita. Vipimo vya Ukimwi, kaswende, kisonono na klamidia, vyangu na vya mke wangu, vyote havikuonyesha kitu. Vilikuwa ndani ya bahasha hiyo hiyo, juu ya karatasi za dawa, na bado kila mhudumu mpya niliyemwendea alianza na swali lile lile la kutoka nje.

Mzee mmoja wa dawa za miti alisema ni ngiri. Kwetu mwanamume akiumwa chochote kati ya kitovu na magoti ni ngiri. Nilikunywa chungu kizima, tumbo likaharisha siku mbili, basi.

Aliyenisaidia kufikiri ni nesi mmoja mzee, aliyeniuliza nilikolelewa. Nikamwambia Kwale, na utotoni tukioga kwenye mabwawa na kunywesha ng'ombe humo humo. Akataja kichocho. Wallahi alikuwa na haki ya kukitaja. Kichocho cha mkojo hutaga mayai kwenye kibofu, na mayai hayo huweza kukaa kwenye tezi dume na vifuko vya manii miaka na mikaka, yakatoa damu. Huku pwani, aliyekulia kando ya maji yaliyotuama na akaona damu, hicho kitafutwe mapema, na kitazamwe hata kwenye manii yenyewe, si mkojo pekee. Mimi nilipimwa kote kuwili, mayai hayakuonekana, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, nikameza kwa tahadhari. Damu ikaendelea. Lakini yule mama ndiye wa kwanza kunipa barua ya kumwona daktari bingwa wa njia ya mkojo, na ndiye wa kwanza kunitazama kama mgonjwa, si kama mzinzi.

Bingwa alinikalisha karibu saa nzima. Alinipima presha, kwa sababu presha iliyopanda sana bila kutibiwa yenyewe huweza kupasua vimishipa vya huko. Akauliza kama nameza aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda. Kama nikijikata damu hukawia kukatika. Kama niliwahi kuumwa ini au kuanguka vibaya. Kama damu hutoka pia kwenye mkojo. Kisha akasema, "Kwanza tujue damu ni ya nani." Maana mume na mke wakiwa pamoja, damu yaweza kuwa ya mke, na mwanamume akatibiwa bure, au kinyume chake. Dawa yake ni kondomu, halafu uitazame kwenye mwanga.

Nilikwenda kuinunua Bamburi ambako hakuna anijuaye. Nilipoitoa mfukoni, Mama Watoto alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka 17 na watoto wanne, leo ndio watumia mpira!" Kicheko cha kwanza nyumbani tangu Julai. Damu ilikuwa yangu, na alipoiona kwa macho yake ndani ya ule mpira, alirudi chumbani kwetu usiku huo huo bila maelezo.

Siku ya pili kwa bingwa nilijifunza kitu ambacho nadhani wanaume wengi hatukijui. Sisi twaamini manii yote yatoka kwenye mapumbu, kwa hiyo damu ikionekana mtu asema "mbegu zimeharibika". Sivyo. Mapumbu hutoa sehemu ndogo sana. Karibu theluthi mbili ya majimaji yatoka kwenye vifuko viwili nyuma ya kibofu, na sehemu kubwa ya iliyobaki kwenye tezi dume. Yote kwa jumla hayazidi kijiko cha chai, ndiyo maana tone moja la damu latosha kuyapaka rangi yote na kumtoa mtu roho. Ile ya kahawia ni damu iliyokaa ndani siku kadhaa, nyekundu ni ya sasa hivi.

Kisha akavaa glavu. Kipimo hicho sitakieleza, aliyepimwa ajua na asiyepimwa atajua. Nitasema tu kwamba katikati ya shughuli alinyamaza, akasema, "Kaa hivyo hivyo, usitikisike." Akahesabu kimya kimya. Kando ya tezi dume kulikuwa na kitu kinampiga kidoleni, kwenda sawa na mapigo ya moyo.

Mimi kazi yangu ni kuweka kiganja juu ya kompresa nikajua inaumwa wapi. Nilielewa kabla hajasema.

Akanipeleka kwenye ultrasaundi ya dopla, ile inayoingizwa kwa nyuma. Kwenye skrini pakatokea mchafuko wa nyekundu na buluu, kama rangi zilizomwagikiana, na mashine ikitoa sauti ya shwaa, shwaa, shwaa. Nikamuuliza kama nyekundu ndiyo damu safi na buluu ndiyo chafu. Akasema hapana, rangi zile zaonyesha damu yaenda upande gani, kuja au kuondoka, na pale ilikuwa inazunguka hovyo kila upande. Ile sauti naijua. Ndiyo sauti ya gesi ikikimbia mahali isipotakiwa.

Sasa naomba univumilie, Mhariri, nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Friji ina pande mbili. Upande wa juu kompresa inasukuma gesi kwa nguvu, geji yaweza kusoma 150 na zaidi, na kwa joto letu la Februari hupita hapo. Upande wa chini presha ni ndogo, mara nyingi haifiki hata 15. Katikati yake pana kijibomba chembamba cha shaba, tundu lake halifiki milimita moja, ndicho kinachozuia. Jina lake kapilari. Siku nikikosea nikaunga bomba la juu moja kwa moja na la chini, bila kapilari, friji haitagandisha hata barafu ya mtoto, na upande wa chini utapigwa na presha ambayo haukuumbiwa.

Mwilini nako kuna kapilari, jina lile lile. Ateri huleta damu kwa presha ya moyo, vena huirudisha kwa presha ndogo sana, na kati yake kuna vimishipa vyembamba kuliko unywele. (Daktari alinisahihisha hapa. Kazi kubwa ya kupunguza presha hufanywa na vijiateri vidogo vinavyotangulia kapilari. Nimekubali, lakini mfano wangu naubakisha.) Kwangu mimi, ndani ya nyonga, palikuwa na mahali ateri zimeungana na vena moja kwa moja. Huenda nilizaliwa hivyo. Wengine hupata baada ya ajali au upasuaji. Vena zikanyanyuka, zikajikunja kama minyoo, zikawa na ngozi nyembamba iliyojaa presha ya ateri, zikalala juu ya tezi dume na vifuko vya manii. Tendo la ndoa likifika mwisho, misuli ya huko hubana kwa nguvu, na vena moja yapasuka. Hapo antibiotiki ingefanya nini? Ni sawa na kusafisha kabati la friji kwa Omo wakati bomba ndilo linalovuja.

Alikataa kabisa kunikata kinyama cha kupima kabla ya picha kamili, na nashukuru, kwa sababu kuchoma sindano ndani ya kitu kinachodunda ni kuitafuta damu kwa mkono wako. Alipima PSA, kipimo cha damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, ikawa sawa. Akaniambia pia kwamba mishipa huleta shida hii kwa njia zaidi ya moja, na zote ni nadra. Wako wenye vena zilizovimba ndani ya njia ya mkojo, karibu na tezi dume, wakatoa damu hata baada ya uume kusimama tu. Wako wenye uvimbe wa mishipa, ambao si saratani, kwenye njia hiyo au kwenye kifuko cha manii. Hao mara nyingi huonekana kwa kamera ndogo inayopitishwa ndani, na huchomwa papo hapo. Wako ambao ini limekakamaa kwa homa ya ini au pombe, damu ya matumboni ikakosa njia ya kurudi, ikajitafutia vichochoro hadi vena za tezi dume zikatuna. Na mara chache sana ateri yenyewe hutokwa na puto. Kila mmoja na tiba yake, na hakuna hata mmoja anayetibiwa kwa sindano ya kisonono.

Picha ya MRI ilithibitisha, na tiba ikawa ni kwenda Nairobi. Pesa sikuwa nazo. Niliuza tuktuk niliyobebea friji, haikutosha, shemeji akafungua kundi la WhatsApp la mchango. Sasa andika: mchango wa ugonjwa gani? Tukakaa barazani usiku tukitafuta neno. Shemeji akaandika kwa heshima, "matibabu ya mshipa". Loo! Wewe wajua, Mhariri, huku kwetu ukisema mwanamume ana mshipa umemwambia kila mtu kwamba ana busha. Pesa ziliingia, Mungu awalipe, pamoja na salamu za pole na ushauri wa namna ya kuvaa kikoi. Hadi leo kuna watu Kongowea wananitazama chini kwanza kabla ya kunisalimia. Lugha yetu ina neno moja, mshipa, kwa ateri, vena, neva na busha, na pengine nusu ya mateso yangu yalitoka hapo, maana kila nilipoeleza kwamba nahisi shida iko kwenye mshipa nilitumwa kwa wanaokata mabusha.

Nikapanda treni Miritini asubuhi, Februari 2024. Kazi yenyewe ilifanywa nikiwa macho. Walichoma ganzi kinenani, wakaingiza mrija mwembamba kwenye ateri ya paja, wakaupandisha kisha wakauteremsha hadi nyonga kwa kutazama skrini. Kila walipopuliza dawa ya rangi nilihisi joto limeenea matakoni na chini, mpaka nikadhani nimejikojolea. Sikujikojolea, wote huhisi hivyo. Na kwenye skrini niliiona: mizizi ya mkoko. Kama vile maji yamekupwa kule Tudor na mizizi imebaki wazi, imesokotana, huwezi kusema upi umeanza wapi. Daktari alikiita kiota. Akasema siri ni kuziba kiota chenyewe kwa gundi, si kufunga tu ateri inayokilisha kwa mbali, kwa sababu ukifunga kwa mbali mwili utafungua njia nyingine na kiota kitanyonya kutoka kwingine. Hilo nalo fundi yeyote wa mabomba analijua.

Nilionywa mapema kwamba gundi yaweza kupotea njia, kwamba nguvu za kiume zaweza kuguswa kwa kuwa mishipa ni majirani, na kwamba kiota chaweza kurudi. Nilitia saini. Nililala na mguu umenyooshwa hadi usiku. Nikapata maumivu ya tako la kushoto wiki mbili, nikawa nakaa upande kama mama mjamzito. Nguvu zipo, alhamdulillahi, na hili naliandika kwa ajili ya watakaoogopa. Damu ya ukwaju iliendelea kutoka wiki tano, ikafifia, ikawa chai ya maziwa, ikaisha. Picha ya mwaka uliofuata ilionyesha kimebaki kijipande ukubwa wa punje ya choroko, hakitoi damu, na wananiita kukitazama kila mwaka.

Sisemi kila aliyeona tone moja akimbilie Nairobi. Kijana wa chini ya miaka 40 aliyeona mara moja, hana homa, hana damu kwenye mkojo, na vipimo vyake ni safi, jibu la daktari wenu lamtosha. Lakini naomba daktari huyo aongeze mistari miwili. Damu ikirudi baada ya dozi moja na vipimo safi, dozi ya pili isiandikwe kabla mtu hajaonwa na bingwa wa njia ya mkojo na kupigwa picha, na aulize kama dopla yawezekana. Na anayeshindwa kukojoa kwa sababu damu imeganda njiani asingoje asubuhi. Nyingine ni kwa wenye kliniki: lile swali la kutoka nje muulizeni mtu mara moja, mwandike jibu lake, na mlisome.

Naandika leo kwa sababu ya Jumanne. Nilikuwa Kongowea nikijaza gesi friza ya muuza samaki mmoja, mtu wa miaka 51, mcheshi, ndiye aliyenitania zaidi ya wote kuhusu busha. Alingoja wateja waondoke, akachuchumaa karibu na kompresa akajifanya anatazama geji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, ule mshipa wako, ulikuwa busha kweli?" Nikamwambia sivyo. Akaingia ndani akatoka na bahasha yake, nayo ya kaki. Miezi minane, dozi nne. Kwa umri wake huenda mishipa haihusiki kabisa, na jambo la kwanza ni tezi dume ichunguzwe sawasawa. Lakini humo bahashani hakuna aliyeipima hata mara moja. Jumatatu nafunga kazi nimpeleke.

Fundi wa friji,
Kisauni, Mombasa